Vyeti vya tovuti kwenye huduma ya wingu: nini kinahama, nini kinabaki mikononi mwako

Swali: Mimi ndiye msimamizi pekee wa mifumo katika shirika dogo. Tuna tovuti kuu, ukurasa wa malipo, mfumo wa wanachama na seva ya barua pepe. Kila mwaka tunanunua vyeti vya usalama, naviweka kwa mkono na kuandika tarehe kwenye kalenda. Mwezi uliopita cheti cha ukurasa wa malipo kiliisha muda Jumamosi asubuhi, nami nikajua Jumatatu. Sasa mkuu wangu anataka tuhamishie vyeti vyote kwenye huduma ya wingu ili jambo hili lisijirudie. Je, kweli halitajirudia? Ufunguo wa siri ataushika nani? Na nianzie wapi bila kuharibu kinachofanya kazi?

Jibu:

Pole sana kwa Jumamosi ile, ndugu yangu. Seva nzima, hifadhidata nzima, na bado kila anayefungua ukurasa anakutana na onyo kwamba huenda kuna mtu anataka kumwibia taarifa zake. Mtu aliyekuja kulipa akiona onyo kama hilo anaondoka, na ana haki ya kuondoka.

Hamieni, nakuunga mkono wewe na mkuu wako. Lakini kaeni chini kwanza mkubaliane ni kitu gani hasa mnakabidhi. Huduma ya wingu itakuondolea kazi ya kuhuisha vyeti ambavyo imevitoa yenyewe, kwa majina ambayo inaweza kuthibitisha kila mara kwamba ni yenu, na katika vifaa ambavyo inaweza kuvifikia ili ivisimike. Hayo matatu yakitimia kwa pamoja, huenda usiguse cheti tena kwa miaka. Likikosekana moja, mko palepale mlipokuwa Jumamosi ile, na safari hii mmeshaacha kuangalia kalenda. Sehemu kubwa ya jibu langu itahusu hilo moja linalokosekana, kwa sababu ndilo nililoliona likiwaangusha watu makini kuliko kosa lingine lolote.

Nianze na kwa nini kalenda yako haitakufaa tena hata kama ungeamua kubaki nayo. Mwaka 2018 kikomo cha umri wa cheti kilikuwa siku 825. Tangu tarehe 1 Septemba 2020 kikashuka hadi siku 398, ndiyo maana umezoea kununua mara moja kwa mwaka. Aprili 2025, Jukwaa la CA/Browser, ambako watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari hukubaliana kanuni zao, lilipitisha pendekezo la Apple la kupunguza zaidi: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Uthibitisho kwamba kikoa, yaani jina lako la mtandaoni, ni chako nao utafupishwa, na kufikia 2029 mtoa vyeti hataruhusiwa kutegemea uthibitisho uliozidi siku 10. Sasa piga hesabu. Majina yenu manne kwa siku 47 ni kazi ya kuhuisha mara 31 hivi kwa mwaka, tena kama unangoja siku ya mwisho kabisa kila mara. Hakuna mtu mmoja atakayeifanya hiyo kwa mkono bila kukosea.

Sababu ya kufupisha ni ya msingi, na ukiielewa utaona kwa nini nakubaliana nayo ingawa inatuongezea kazi. Cheti ni tamko lenye saini: mtoa vyeti anasema ufunguo huu wa umma ni wa jina hili, hadi tarehe hii. Tamko likigeuka kuwa la uongo kabla ya tarehe, labda kwa sababu ufunguo wa siri umeibwa, inabidi libatilishwe, na kila kivinjari duniani kijue limebatilishwa. Njia za kuvijulisha vivinjari zimekuwa dhaifu miaka yote. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwa mtoa vyeti wa Uholanzi aitwaye DigiNotar, wakajitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimojawapo cha majina yote yaliyo chini ya google.com, na kikatumika kupeleleza watumiaji walioko Iran. Ilibidi watengenezaji wa vivinjari watoe matoleo mapya ili kuiondoa DigiNotar kwenye orodha ya wanaoaminika, na kampuni hiyo ikafilisika Septemba mwaka huohuo. Cheti cha muda mfupi hufa chenyewe, hata kama hakuna aliyepata habari kwamba kimeharibika.

Sasa huduma ya wingu inafanyaje kazi. Majina ni mengi: AWS Certificate Manager, Google Cloud Certificate Manager, Azure Key Vault, Cloudflare. Mtiririko wake unafanana. Unaomba cheti kwa jina fulani. Huduma inatengeneza jozi ya funguo, wa umma unaoonwa na wote na wa siri unaofichwa, inakutaka uthibitishe kwamba jina ni lako, inapata cheti chenye saini, kisha inakiweka mbele ya tovuti yako, kwa kawaida kwenye kigawa mzigo, kile kinachogawa wageni kati ya seva, au kwenye mtandao wa kusambaza maudhui. Muda ukikaribia kwisha inarudia yote hayo yenyewe.

Umeuliza ufunguo wa siri utakuwa kwa nani. Katika AWS Certificate Manager, cheti cha kawaida cha umma hakina njia ya kukitolea nje ufunguo wake. Unazaliwa ndani ya huduma, unahifadhiwa ukiwa umesimbwa, na hutumika ndani tu. Mwaka 2025 waliongeza aina ya kulipia ambayo inaruhusu kuutoa, kwa wanaouhitaji kwenye seva zao wenyewe. Azure Key Vault inakuachia uamue wakati wa kutengeneza kama ufunguo utaweza kutolewa au la. Kwa msimamizi aliye peke yake, ushauri wangu ni kuchagua ule usiotoka. Nimeona funguo za siri zikitumwa kwa barua pepe, zikiachwa kwenye kompyuta ya mtu aliyeshaacha kazi, zikihifadhiwa kwenye folda inayoonwa na ofisi nzima. Ufunguo usioweza kutoka hauwezi kusahaulika mahali. Gharama yake uijue pia: huduma inayofungua usimbaji kwa niaba yako ina uwezo wa kuona data ikiwa wazi. Kama sheria au mikataba yenu ya malipo inakataza hilo, zungumzeni na mwanasheria kabla ya kuhama.

Hapa kwenye uthibitisho wa kikoa ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwa AWS, kwa mfano, utapewa njia mbili: barua pepe, au rekodi ya DNS, lile daftari la mtandao linaloelekeza kila jina kwenye seva yake. Usichague barua pepe. Kwa njia hiyo kila wakati wa kuhuisha mtu lazima abofye kiungo, na tumeshakubaliana kwamba tunataka kumtoa mtu kwenye mzunguko huu. Chagua DNS. Huduma itakupa rekodi ya CNAME yenye jina refu la ajabu linaloanza na mstari wa chini, na thamani yake inayoelekea kwao. Ukiiweka mara moja na kuiacha, wao huitazama tena kila wanapohuisha. Huo ndio mkataba wote: rekodi ikiwepo, jina ni lako.

Mtego wa kwanza uko kwenye kuiandika. Tuseme huduma imekupa jina `_a1b2c3.malipo.shirika.example`. Paneli nyingi za DNS huongeza jina la kikoa zenyewe mwishoni mwa unachoandika. Ukibandika jina zima kama lilivyo, kitakachohifadhiwa ni `_a1b2c3.malipo.shirika.example.shirika.example`, na paneli itakuonyesha alama ya kijani kana kwamba mambo yako sawa. Ombi litabaki likisubiri. Kwa AWS litasubiri hadi saa 72 kisha litashindwa. Kwa hiyo usiamini paneli. Uliza DNS yenyewe:

`dig CNAME _a1b2c3.malipo.shirika.example +short`

Isiporudisha kitu, rekodi haipo, hata kama paneli inasema ipo.

Mtego wa pili unakuja baadaye, na ni mkali kuliko wa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia shirika moja ambalo tovuti yake ilikuwa imeanza kutoa onyo la cheti, na kila mtu pale aliapa kwamba vyeti vyao hujihuisha. Ilikuwa kweli, vilikuwa vimejihuisha vizuri kabisa kwa muda mrefu. Kumbe miezi mitano kabla, mfanyakazi mpya mwenye bidii alikuwa amesafisha rekodi za DNS. Aliona majina marefu yasiyosomeka, hayamo kwenye nyaraka yoyote, hayaelekezi kwenye seva yao hata moja, akayafuta. Hakuna kilichoharibika siku hiyo. Wala wiki hiyo. Cheti kilichokuwepo kiliendelea kuishi hadi muda wake, huduma ikajaribu kuhuisha, ikakosa ushahidi, ikatuma barua za tahadhari, na barua hizo zikawa zinaingia kwenye sanduku la mtu aliyekuwa ameshaondoka. Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyekuwa amemwandikia kwamba rekodi zile ni nguzo.

Kwa hiyo ukishaweka rekodi hizo, ziandikie maelezo palepale kwenye paneli kama inaruhusu sehemu ya maoni, na kwenye nyaraka zenu kama hairuhusu: rekodi hii ni ya kuhuisha cheti cha jina fulani, usiifute. Barua za tahadhari zielekeze kwenye anwani ya kikundi yenye watu wasiopungua wawili. Wewe uko peke yako, naelewa. Basi wa pili awe mkuu wako. Yeye ndiye aliyesema jambo hili lisijirudie.

Zipo pia pande ambazo wingu halifiki kabisa. Seva yenu ya barua pepe ni mojawapo, kama mnaiendesha wenyewe. Haikai nyuma ya kigawa mzigo cha tovuti, na cheti kisichotoka nje ya wingu hakiwezi kusimikwa juu yake. Kwa seva ya namna hiyo tumia itifaki ya ACME, ambayo seva yenyewe huitumia kuomba na kuhuisha cheti bila mtu. Let's Encrypt, mtoa vyeti asiyetafuta faida aliyefungua milango kwa umma Desemba 2015, hutoa vyeti vya siku 90 bila malipo kwa njia hiyo. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kwisha. Pili, programu inaweza kuhuisha faili la cheti vizuri kabisa kwenye diski huku huduma ya barua ikiendelea kutumia cheti cha zamani ilichokisoma ilipowashwa. Faili jipya, kumbukumbu ya zamani. Lazima baada ya kila kuhuisha huduma iambiwe isome upya, na amri hiyo uiweke ndani ya programu ya kuhuisha yenyewe. Usiiache kichwani mwako.

Vyeti ulivyovinunua mwenyewe kisha ukaviingiza kwenye huduma ya wingu navyo ni vya kuangaliwa kwa macho mawili. Utaviona kwenye orodha moja na vingine, vina rangi ileile, lakini havijihuishi. AWS, kwa mfano, haihuishi cheti ilicholetewa kutoka nje. Wengi huanza uhamaji kwa kuingiza vyeti walivyonavyo, kwa sababu ni haraka, wakidhani wamemaliza. Mkifanya hivyo Jumamosi nyingine inawasubiri.

Kuna pia vyeti ambavyo havionekani na mteja yeyote: kati ya kigawa mzigo na seva ya ndani, kati ya programu na hifadhidata, ndani ya vifaa vya kukagua usalama. Matukio makubwa yalitokea huko. Tarehe 6 Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza na wa SoftBank nchini Japani walikosa mtandao wa simu, na chanzo kikawa cheti kilichoisha muda ndani ya programu za Ericsson zilizokuwa zikiendesha mitambo yao. Tarehe 3 Februari 2020 Microsoft Teams ilikatika kwa saa kadhaa kwa sababu ya cheti kilichosahaulika. Lililoniumiza zaidi ni la Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, mwaka 2017: kifaa chao cha kukagua mawasiliano kilikuwa na cheti kilichoisha muda miezi mingi nyuma, kwa hiyo hakikuwa kikiona chochote, na wezi wakawa wanachota data za watu. Walipobadilisha cheti mwishoni mwa Julai mwaka huo, mara moja wakaanza kuona mawasiliano ya kutiliwa shaka. Kumbuka kwamba cheti kilichoisha kwenye tovuti hupiga kelele, lakini kilichoisha kwenye kifaa cha ulinzi kinaweza kunyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha lolote, tengeneza orodha ya vyeti vyote. Una msaada mkubwa hapa usiohitaji kulipia. Tangu 2018 Chrome hudai kwamba kila cheti kipya cha umma kiwe kimeandikwa kwenye madaftari ya wazi ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Fungua crt.sh, andika jina la kikoa chenu, na utaona kila cheti kilichowahi kutolewa kwa majina yenu na kikaandikwa humo. Karibu kila ninapofanya hivi na mtu, tunakuta jina ambalo hakuna anayelikumbuka: mfumo wa majaribio wa zamani, ukurasa wa kampeni iliyokwisha. Yafuatilie yote. Jina linaloelekeza kwenye huduma ya wingu mliyoshaacha kulipia ni mlango ambao mgeni anaweza kuja kuudai. Ujue pia kwamba madaftari hayo yako wazi kwa kila mtu. Usiweke siri kwenye jina la kikoa tanzu ukadhani halitaonekana. Vyeti vya ndani vilivyotolewa na mamlaka yenu wenyewe havimo humo. Hivyo itabidi uvitafute seva kwa seva.

Mkiamua kutumia huduma inayokaa mbele ya seva yenu, kama Cloudflare, kuna chaguo moja ninaloomba msilitumie kamwe kwenye ukurasa wa malipo. Linaitwa Flexible. Mteja anaona kufuli, lakini kati ya Cloudflare na seva yenu data inasafiri wazi. Ni usalama wa nusu njia, na mteja hana namna ya kujua. Tena kama seva yenu inalazimisha HTTPS, ile njia iliyosimbwa, ukurasa utaingia kwenye mzunguko: seva inamrudisha mgeni kwenye HTTPS, Cloudflare inarudi tena kwa seva bila HTTPS, na kivinjari mwishowe kinakata tamaa. Chagueni Full (strict), na kwenye seva yenu wekeni cheti halali. Cloudflare wenyewe hutoa cheti cha bure cha kuweka kwenye seva ya nyuma, kinachoweza kudumu hadi miaka 15. Ila kinaaminiwa na Cloudflare pekee. Mtu akifungua seva moja kwa moja ataona onyo, na hilo ni sahihi.

Cheti cha nyota, yaani kimoja kinachobeba majina yote kama `*.shirika.example`, kinavutia kwa urahisi wake. Kumbuka kwamba nyota inafunika ngazi moja tu. Haifuniki chini zaidi: `mtihani.malipo.shirika.example` iko nje, na hata `shirika.example` yenyewe iko nje hadi uitaje. Mimi ningetenga cheti cha malipo peke yake. Vyeti havikugharimu kitu, na seva ya ukurasa wa habari ikivamiwa, aliyevamia asiondoke na ufunguo unaofungua malipo.

Kabla ya kuomba cheti cha kwanza, angalia rekodi za CAA kwenye DNS yenu. Rekodi hizi hutaja ni watoa vyeti gani wanaoruhusiwa kutoa vyeti kwa kikoa chenu, na tangu Septemba 2017 watoa vyeti wote wanalazimika kuziheshimu. Kama yule mliyekuwa mkinunua kwake aliwashauri kuweka jina lake peke yake, huduma mpya itakataliwa na ujumbe wa kosa hautakuwa wazi sana. Ongeza wapya kwanza:

`shirika.example. CAA 0 issue "amazon.com"`
`shirika.example. CAA 0 issue "letsencrypt.org"`

Yule wa zamani muondoe baadaye, vyeti vyake vyote vikishatoka kazini. Kama hamna rekodi ya CAA kabisa, uhamaji huu ni wakati mzuri wa kuiweka. Na mkitumia CloudFront, mtandao wa kusambaza maudhui wa AWS, ombeni cheti katika ukanda wa Virginia Kaskazini, `us-east-1`, hata kama seva zenu ziko bara jingine. Ukikiomba kwingine kitatolewa bila tatizo, kisha hutakiona kwenye orodha ya kuchagua, na utapoteza mchana mzima ukijiuliza kimeenda wapi.

Gharama hazitakusumbua. Vyeti vya kawaida vya umma ni bure kwenye huduma nyingi nilizotaja. Unalipia kigawa mzigo na mtandao wa kusambaza. Vile vyeti vya bei ya juu vilivyokuwa vikionyesha jina la kampuni kwenye upau wa anwani, Chrome na Firefox waliondoa onyesho hilo 2019. Usinunue kwa sababu hiyo.

Nguvu ya akaunti ndiyo ninayoihofia zaidi baada ya uhamaji. Anayeweza kubadilisha DNS yenu anaweza kupata cheti halali cha jina lenu, bila kuvunja chochote. Akaunti ya msajili wa kikoa, akaunti ya DNS na akaunti ya wingu zote ziwe na uthibitisho wa hatua mbili, na asiwepo anayeziingia kwa nywila ya pamoja. Seva ya barua pepe isipewe ruhusa ya kuandika DNS nzima ili tu ihuishe cheti chake. Elekeza jina la `_acme-challenge` la seva hiyo, ambako uthibitisho wa ACME husomwa, kwa CNAME, kwenye kikoa kidogo cha pembeni, kisha ipe ruhusa ya kuandika huko pekee.

Na ujiandae kwa siku ambayo cheti ambacho hakijaisha muda kitalazimika kubadilishwa ghafla. Mwishoni mwa Julai 2024 mtoa vyeti DigiCert ilitangaza kwamba itabatilisha vyeti zaidi ya 83,000 ndani ya saa 24, kwa sababu katika baadhi ya uthibitisho wa DNS mstari wa chini haukuwekwa mwanzoni mwa jina kama kanuni inavyotaka. Herufi moja. Wenye mifumo ya kujihuisha walibadilisha wakaendelea na kazi, na wenye kalenda walikesha. Jiulize kama ungeweza kubadilisha vyeti vyenu vyote vinne leo kabla ya kulala. Kipimo hicho kinaniambia mengi kuhusu shirika kuliko kuniambia vyeti vyao vina siku ngapi zilizobaki.

Umeuliza uanzie wapi. Wiki ya kwanza usihamishe kitu. Tengeneza orodha, kisha weka uangalizi wa nje: programu iliyo mbali na wingu lenu, inayofungua kila jina kama mteja anavyolifungua, inasoma tarehe ya cheti kinachotolewa kweli, na kupiga kengele zikibaki siku chache. Kwa cheti cha siku 90 mimi huweka kengele kwenye siku 20, kwa sababu kuhuisha huanza mapema zaidi ya hapo, hivyo kengele ikilia maana yake mashine imeshindwa. Cheti kikifupishwa, fupisha na kengele. Uangalizi huu ungekuamsha mapema kuliko Jumamosi, hata kwa mfumo wenu wa sasa. Kukagua jina moja kwa mkono ni amri moja:

`openssl s_client -connect malipo.shirika.example:443 -servername malipo.shirika.example </dev/null | openssl x509 -noout -dates -issuer`

Halafu chagua jina lisilo na uzito, mfano la majaribio, ulipitishe njia nzima kuanzia ombi hadi kusimikwa. Kwenye jina jingine la majaribio omba cheti kwa rekodi uliyoikosea makusudi, uone kama tahadhari inawafikia wewe na mkuu wako. Isipofika, rekebisha hilo kwanza. Kisha mfumo wa wanachama, kisha tovuti kuu. Kabla ya kila hatua punguza muda wa kuhifadhiwa wa rekodi za DNS hadi sekunde 300, siku mbili hivi kabla, ili ukilazimika kurudi nyuma urudi haraka. Vyeti vya zamani viache seva zikiwa navyo hadi uhakikishe, usivibatilishe mapema.

Kwa ukurasa wa malipo, ambao utakuwa wa mwisho, kuna maswali mawili ya kuuliza kabla. Kama mmewasha HSTS, agizo linaloviambia vivinjari vifungue tovuti yenu kwa HTTPS pekee, kivinjari hakitamruhusu mteja kupita juu ya onyo hata akitaka, kwa hiyo kosa lolote la cheti ni kufungwa kabisa. Na kama kuna programu ya simu inayowasiliana na ukurasa huo, waulize walioitengeneza kama wameifunga kwenye cheti au ufunguo mmoja maalumu. Huduma ya wingu hutengeneza jozi mpya ya funguo inapohuisha, na programu iliyofungwa kwenye ufunguo wa zamani itakataa kuunganika siku hiyo, huku tovuti ikionekana nzima kwa kila mtu mwingine. Kama wameifunga, toleo jipya la programu litangulie na liwafikie wateja kwanza, hata ikichukua miezi miwili. Vyeti vyenu vya sasa vitawavusha hadi hapo. Siku ya kuuhamisha ukurasa huo iwe Jumanne asubuhi, wewe na anayeshughulikia malipo mkiwa ofisini, na majaribio ya kulipa kiasi kidogo mkayafanye wenyewe kwa simu isiyo kwenye mtandao wa ofisi.